Saa za kazi na mapumziko yasiyolipwa kwa mfanyakazi wa mshahara anayefanyia kazi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyapokea kwa miaka kadhaa nikiwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi, mengi yakija usiku kwa sauti ya WhatsApp, muulizaji akinong'ona asiamshe watoto. Majibu yanafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara. Nambari za vifungu ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Ukiwa na toleo lililofanyiwa marekebisho, tafuta kwa kichwa cha kifungu, usitegemee nambari peke yake. Walio Zanzibar, Kenya, au wanaofanya kazi na kampuni za nje waanzie swali la 20.

## Mambo ya msingi

1. Nalipwa kwa mwezi, si kwa saa. Saa za kazi zinanihusu kweli?

Zinakuhusu. Sheria yetu haimtofautishi anayelipwa kwa mwezi na anayelipwa kwa siku au kwa saa pale inapoweka ukomo wa saa za kazi. Mshahara wa mwezi ni namna ya kulipa tu. Haumpi mwajiri saa zako zote 24.

Kauli ya kwamba "mtu wa mshahara hana ovataimu" ina mzizi wake Marekani, ambako sheria ya Fair Labor Standards Act ya 1938 inawaondoa baadhi ya wafanyakazi wa mshahara kwenye malipo ya saa za ziada, kutegemea aina ya kazi na kiwango cha mshahara. Kampuni za huko zikija kuajiri huku huja na lugha yao, na maofisa rasilimali watu wetu wakaidaka. Kwa Tanzania Bara, anayeachwa nje ni kundi jingine kabisa, na dogo. Limeelezwa katika swali la 4.

2. Nikihamia kufanyia kazi nyumbani, sheria inabadilika?

Haibadiliki. Ukomo wa saa, mapumziko na malipo ya ziada vinabaki vilevile, meza iwe Posta au iwe chumbani kwako Mbagala. Kinachobadilika ni mahali pa kazi, na hicho ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akuandikie tangu mwanzo, pamoja na saa za kazi na mshahara. Jambo mojawapo likibadilika, anatakiwa kushauriana nawe, kurekebisha maandishi na kukujulisha kwa maandishi.

Kwa hiyo usikubali kuhamishiwa nyumbani kwa ujumbe wa "kuanzia Jumatatu kila mtu afanyie kwake". Omba barua fupi inayotaja saa ya kuanza, saa ya mapumziko na saa ya kufunga. Mistari mitatu inatosha, na itakusaidia sana ukifika swali la 21.

3. Ukomo ni saa ngapi?

Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Ukijumlisha na za ziada, huruhusiwi kuzidisha saa 12 kwa siku. Saa za ziada lazima ziwe za makubaliano, na hazizidi 50 katika kila mzunguko wa wiki nne.

Huo ni ukomo wa juu. Mkataba unaweza kuwa chini ya hapo, na kampuni nyingi za ofisini zinaandika saa 40. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho unastahili saa 12 mfululizo za kupumzika, na kila wiki angalau saa 24 mfululizo.

4. Mimi naitwa meneja. Haya yananihusu?

Inategemea unachofanya. Kifungu cha 17 kinamwacha nje mfanyakazi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Yote mawili yawepo kwa pamoja. Wapo "mameneja wa akaunti", "mameneja wa miradi" na "mameneja wa maudhui" wasio na hata mtu mmoja chini yao. Wamepewa cheo kikubwa wakapokonywa ovataimu. Kama hakuna unayemsimamia, cheo kwenye barua pepe hakikutoi kwenye ulinzi wa sheria.

## Mapumziko

5. "Mapumziko yasiyolipwa" maana yake mshahara wangu unakatwa?

Hapana, na hili ndilo linalowatia watu hofu kuliko yote. Mshahara wa mwezi unabaki kama ulivyo. Maana yake ni kwamba saa ile ya chakula haihesabiwi ndani ya saa zako za kazi.

Tuseme unaanza saa 2 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, na katikati una mapumziko ya saa 1. Uko kazini kwa muda wa saa 9, ila saa za kazi ni 8. Kwa siku tano ni saa 40. Kama mkataba unasema saa 45, mwajiri anaweza kupanga ufunge saa 12 jioni, na hapo hajakuongezea kitu. Amehesabu tu kwamba ile saa ya mchana ilikuwa yako.

Kwa sababu hiyohiyo, ukiona kwenye karatasi ya mshahara kiasi kimekatwa kwa jina la "mapumziko", uliza siku hiyohiyo. Kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kujiamulia.

6. Nastahili mapumziko ya muda gani, na yaanze lini?

Ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, unastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 23. Aliyeanza saa 2 asubuhi asivuke saa 7 mchana bila kusimama. Dakika 30 za kula haraka hazitoshi, hata kama ofisi nzima imezizoea.

7. Wakati wa chakula natakiwa niwe karibu na simu. Hayo ni mapumziko?

Si mapumziko yasiyolipwa. Kifungu cha 23 kinasema mwajiri halazimiki kulipia muda wa mapumziko, isipokuwa pale mfanyakazi anapotakiwa kufanya kazi *au kuwa tayari kwa kazi* katika muda huo. Shikilia hayo maneno ya mwisho. Sheria haikungoja simu ilie. Kutakiwa kuwa tayari kunatosha kuifanya saa ile iwe ya kulipwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufanyia kazi nyumbani nilikula wali maharage siku zote simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji, kioo kikinitazama, kwa sababu kiongozi wa timu alikuwa ameandika kwenye kundi: "Hata mkiwa mnakula, mtu ajibu ndani ya dakika 5." Mkono wa kulia ukiwa na chakula, nilikuwa nafungua ujumbe kwa kifundo cha kidole cha kushoto. Kwenye karatasi ya mahudhurio saa ile iliandikwa "mapumziko". Haikuwa mapumziko hata siku moja. Nilikuwa zamu.

Ukitaka kujua upande gani uko, jiulize hivi: katika saa hiyo naweza kuzima simu, nikatoka kwenda sokoni au kwa jirani, nikarudi saa yangu ikiisha, bila mtu kuniuliza nilikuwa wapi? Kama ndiyo, ni saa yako na mwajiri hadaiwi kitu. Kama hapana, kwa sababu ya agizo la kujibu, taa ya kijani inayotakiwa iwake, au kikao kinachoweza kuitishwa wakati wowote, basi ni saa ya kazi.

Tazama inavyokuwa kwa fedha. Chukua mtu wa mkataba wa saa 45 ambaye kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa yake ya chakula ni ya kukaa tayari. Ameongeza saa 5 kwa wiki juu ya zile 45. Kwa mshahara wa mfano uliopigiwa hesabu katika swali la 11, hizo ni shilingi 37,500 kwa wiki, zaidi ya shilingi 162,000 kwa mwezi. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema tunabishania dakika za kula.

Lakini uwe mkweli pia. Kama hakuna aliyekuagiza, na wewe mwenyewe ndiye unayechungulia simu kwa mazoea, huna dai hapo. Agizo liwepo, kwa maneno au kwa desturi inayothibitika: mtu aliyechelewa kujibu akakaripiwa, alama za kazi zikapunguzwa, na mfano wa hayo.

8. Bosi anaweza kunitaka nifanye kazi wakati wa mapumziko?

Anaweza kwa sababu mbili tu: kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mfanyakazi mwingine anayeweza kuifanya. Mtu aliye peke yake kwenye simu za dharura za wagonjwa anaelewa hili. Ripoti ya mwezi ambayo ingeweza kusubiri hadi saa 8 mchana haimo. Na hata sababu ikiwepo, muda huo unalipwa.

9. Naomba niruke mapumziko ili nifunge saa moja mapema. Inawezekana?

Wengi wanalitaka hili, hasa wenye watoto wa shule. Tatizo ni kwamba wajibu wa kutoa mapumziko uko kwa mwajiri, na ukifanya kazi saa 8 mfululizo yeye ndiye anayeonekana amevunja sheria, hata kama ombi lilitoka kwako. Njia salama ni kupanga siku yako isizidi saa 5 mfululizo. Ukianza saa 1 asubuhi, simama saa 6 mchana, rudi saa 7, funga saa 10 jioni. Umepata saa 8, mapumziko yako kamili, na mtoto akirudi anakukuta umeshafunga kompyuta.

10. Chai ya saa 4, msalani, swala, kufungua mlango: vinahesabiwaje?

Sheria haitaji mapumziko ya chai. Kwa kawaida dakika chache hizi huachwa ndani ya saa za kazi, nyumbani kama ofisini. Ofisini hakuna anayekukata dakika 10 za kusimama kwenye mtungi wa maji ukizungumzia mechi ya jana. Usikubali nyumbani pawe na kipimo kikali zaidi.

Swala ya Ijumaa inahitaji mpango, kwa sababu kwenda na kurudi msikitini kunamaliza saa. Ofisi nyingi huweka saa ya mapumziko ya Ijumaa iangukie hapo, na wewe wa nyumbani omba vivyo hivyo kwa maandishi. Mwezi wa Ramadhani wengine hukubaliana kuanza mapema na kufunga mapema ili kuwahi futari. Mapumziko ya saa 1 hayafutiki kwa kuwa mtu amefunga. Yametajwa kuwa mapumziko, na si lazima mtu ale.

Kuhusu mama anayenyonyesha, jibu ni zuri kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 33 kinampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, na saa hizo zimo *ndani ya saa za kazi*. Hazitolewi kwenye saa ya chakula. Nimewahi kuambiwa kwamba mama aliye nyumbani hazihitaji kwa sababu mtoto yuko chumba cha pili. Sheria haikusema hivyo, na mtoto akinyonya mama hachapi barua pepe.

## Saa za ziada, usiku na siku za mapumziko

11. Saa yangu moja ina thamani gani?

Jedwali la Kwanza la sheria linatoa njia: gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa zako za kawaida za wiki. Mshahara wa msingi hauna posho ndani yake: nyumba, usafiri, bando la intaneti, vyote weka kando.

Mfano: mshahara wa msingi ni shilingi 975,000, saa za kawaida ni 45 kwa wiki. 4.333 mara 45 ni karibu 195. 975,000 gawanya kwa 195 ni shilingi 5,000 kwa saa. Kutoka hapo:

Saa ya ziada ni mara 1.5, yaani 7,500. Saa ya kazi katika siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya umma ni mara mbili, yaani 10,000. Saa ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5, yaani 250 juu ya 5,000. Saa ya ziada iliyoangukia usiku hupigiwa asilimia 5 ya 7,500, ikawa 7,875.

Kama mkataba wako ni wa saa 40 kwa mshahara huohuo, gawanyo linakuwa 173.32 na saa moja inapanda hadi karibu 5,625. Angalia mkataba kabla ya kupiga hesabu, maana wengi hutumia 195 bila kuuliza na kujipunja.

12. Hakuna aliyeniambia nifanye ovataimu, ila kazi isingeisha. Nalipwa?

Sheria inamzuia mwajiri *kumtaka au kumruhusu* mfanyakazi kufanya saa za ziada nje ya makubaliano. Neno "kumruhusu" lina uzito kwa sisi wa nyumbani. Bosi anayepokea faili lako saa 3 usiku, akajibu "asante, kazi nzuri", tena wiki baada ya wiki, ni vigumu kwake kusema hakujua.

Hata hivyo usijenge dai juu ya ukimya. Ukiona saa inakwisha na kazi imebaki, andika mstari mmoja kabla ya kuendelea: "Ripoti haitaisha ndani ya saa za kazi. Niendelee leo kwa saa za ziada, au niimalize kesho asubuhi?" Jibu lolote atakalotoa limekusaidia.

13. Kujibu ujumbe wa kazi saa 4 usiku ni kazi?

Neno moja la "sawa" halitakupeleka popote. Mazungumzo ya dakika 40 ya kurekebisha bei ya mteja ni kazi, na ni kazi ya usiku. Kubwa zaidi ni pumziko lako la saa 12. Ukilivunja saa 4 usiku na ukatakiwa uwe kwenye kikao saa 2 asubuhi, saa 12 hazikutimia. Hoja hii huwagusa wakubwa kuliko ya malipo.

14. Wateja wetu wako Marekani, nafanya kazi kwa saa zao. Nahesabuje?

Kisheria usiku unaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi. New York inapokuwa kwenye saa za majira ya baridi, iko nyuma yetu kwa saa 8. Ofisi yao ya saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni kwetu ni saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Majira yao ya joto tofauti ni saa 7, na unamaliza saa 6 usiku. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka ratiba yako inahama bila mtu kukuuliza. Iandike kwenye makubaliano.

Katika ratiba ya baridi, saa 5 za kila zamu ni za usiku. Ondoa saa ya mapumziko kama imeangukia humo na ni ya kweli. Kwa mfano wa swali la 11, saa 5 ni nyongeza ya shilingi 1,250 kwa zamu. Si nyingi, lakini ni zako, na kampuni nyingi haziilipi kwa sababu hakuna anayeiuliza.

Ukimaliza saa 7 usiku, usirudishwe kazini kabla ya saa 7 mchana. Kikao cha timu ya Dar es Salaam cha saa 3 asubuhi hakimo kwenye siku yako. Mjamzito haruhusiwi kupangwa usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na mama katika miezi 2 baada ya kujifungua, hata kama "usiku" wenyewe ni sebuleni kwake.

15. Jumapili na sikukuu?

Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki ni kwa makubaliano, na ni mara mbili ya mshahara wa msingi wa saa. Sikukuu ya umma nayo ni mara mbili. Ukitumwa jambo la dakika 20 mchana wa Idd, andika dakika 20.

16. Mkataba wangu unasema "mshahara unajumuisha saa zote za ziada". Nimeshasaini.

Viwango vya sheria huingia kwenye mkataba wako hata kama havikuandikwa. Mkataba unaweza kuvizidi kwa faida yako, na unaweza kuvibadilisha pale tu sheria yenyewe inaporuhusu. Kifungu cha jumla namna hiyo hakifuti kiwango cha 1.5, wala ukomo wa saa 12 kwa siku na 50 kwa wiki nne. Saini yako haikuondoa haki hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

17. Umeme ukikatika, ile saa ni mapumziko?

Mwajiri akikwambia "hesabu kuwa ndiyo saa yako ya chakula", rudi swali la 7. Kama umekaa ukingoja umeme huku ukitakiwa kuingia kazini dakika ukirudi, hujapumzika. Kama mmekubaliana kwamba umeme ukikatika saa 5 unakwenda zako na kurudi saa 6 kamili, hayo ni mapumziko halali.

Makubaliano ya maandishi yataje mambo matatu: ndani ya dakika ngapi utoe taarifa, nani analipia bando la akiba, na kama saa zilizopotea zitafidiwa, zifidiwe lini bila kuvunja saa 12 za kupumzika. Piga picha ya mita na saa yake. Ni jambo dogo, ila limewaokoa wengi.

18. Programu inahesabu mibofyo ya kipanya changu na kuniandikia "mapumziko" nikitulia dakika 5. Ni halali?

Kusoma mkataba wa kurasa 30 ni kazi, na kipanya hakisogei. Kutulia kwa mashine si kipimo cha mapumziko. Mapumziko ni muda uliopewa uwe wako, kama lilivyoeleza swali la 7. Isitoshe, taarifa zinazokusanywa hivyo ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Una haki ya kujua kinachokusanywa na kwa ajili gani. Omba nakala ya rekodi zako. Mara nyingi rekodi hizohizo ndizo zinazoonyesha saa zako za ziada.

19. Karatasi yangu inaniita mkandarasi. Ila naingia saa 2, natoka saa 11, na nina bosi.

Tazama Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kifungu cha 61. Unadhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: saa zako au namna ya kazi inaongozwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, unamtegemea kiuchumi, amekupa vifaa, au humfanyii mwingine. Wengi wa "wakandarasi" wa mtandaoni ninaowafahamu wanayo manne au matano. Jina la karatasi halitoshi kukutoa.

20. Siku nne kwa wiki, Zanzibar, Kenya, kampuni ya nje: hayo yakoje?

Wiki iliyobanwa inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi. Unaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, saa ya chakula ikiwa ndani yake, bila ovataimu kwa saa hizo, ilimradi siku zisizidi 5 na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zilizobaki za ziada zisizidi 10 kwa wiki.

Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kwa hiyo nambari za ukurasa huu usizihamishie huko. Kenya nako ni kwingine: Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri apange saa na kutoa angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na idadi ya saa 52 kwa siku 6 imo kwenye amri ya jumla ya mishahara.

Kampuni ya nje iliyokuajiri kupitia kampuni ya hapa inafungwa na sheria ya hapa. Isiyo na ofisi wala wakala nchini ni ngumu kuifikia hata ukiwa na haki, basi soma kabla ya kusaini kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani itatumika.

## Kumbukumbu na madai

21. Nitunze kumbukumbu gani?

Daftari la kawaida la shule, siku kwa siku, lililoandikwa siku yenyewe. Ukurasa wa mwenzangu mmoja ulikuwa hivi: "Jumanne. Nimeanza 2:05 asubuhi. Nimesimama 7:00 mchana. Bosi kapiga 7:20, faili la wateja, nimemaliza 7:45. Nimerudi 8:00. Nimefunga 12:10 jioni." Hesabu mwenyewe: mapumziko yake yalikuwa dakika 20, kisha 15. Hakufikisha 60, na mistari mitano imetosha kuonyesha.

Andika asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara. Kompyuta inaandika 14:05, wewe unaandika saa 8:05, na msuluhishi asiyeelezwa atadhani ni vitu viwili. Hifadhi picha za ujumbe wa maagizo kwenye simu yako binafsi, maana akaunti ya kazi hufungwa siku unayoondoka. Usichukue siri za wateja. Saa na agizo vinatosha.

Na mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maandishi ya masharti ya kazi, kifungu cha 15 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha.

22. Nianzeje kulizungumza bila kuharibu kazi?

Anza na wiki zijazo, si zilizopita. "Kiongozi, naomba tukubaliane saa yangu ya chakula iwe saa 7 hadi 8, simu ikiwa imezimwa. Kama lazima mtu awepo, tupeane zamu." Zamu ndiyo dawa niliyoona ikikubalika mara nyingi, kwa kuwa inampa bosi anachohitaji. Andika barua pepe fupi baada ya mazungumzo. Ikishindikana, nenda kwa tawi la chama chenu. Kwa sekta ya biashara na viwanda wengi wako TUICO. Au mwone afisa kazi wa mkoa.

23. Ninadai ya miaka miwili. Nisubiri niache kazi ndipo nidai?

Usisubiri. Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa Fomu Na. 1. Unaohusu kuachishwa kazi una siku 30. Mingine yote, ikiwemo ya ovataimu na mapumziko, ina siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Watu huweka madaftari mawili, matatu kabatini, wakayatoa siku ya kuaga, na kuambiwa sehemu kubwa imepitwa na wakati.

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Kama umeshachelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. "Niliogopa kufukuzwa" ni kweli kwa wengi, ila peke yake hupokelewa kwa shida. Barua pepe zako za kuomba malipo zilizokuwa zikijibiwa "tunalifanyia kazi" zina nguvu zaidi, basi zichapishe zote uende nazo, pamoja na daftari.